Puli Ndogo na Bima ya Mzee Hirsi

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, imechanganyika na harufu ya maziwa ya ngamia, katikati ya barabara ya kutoka Habaswein kuja Garissa. Jua lilikuwa limeshapanda, nami nimeshika usukani najifanya sisikii kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kijana wa umri huo ana pua nzima, ila haitumii mpaka alazimishwe.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ile video uliyonitumia juzi, ya kijana wa ng'ambo anayebadilisha puli ya supachaja, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, kwa dakika chache, muziki unapigwa na mikono yake haina hata doa la grisi. Ukaniuliza kama gari la mteja wetu nalo tunaweza kulifanyia vile. Nikakujibu tutazungumza. Haya basi, vuta kiti tuzungumze, na unajua mimi nikianza kuzungumza sina haraka.

Kwetu ni Kipini, kule Mto Tana unakoishia. Nilipanda na mto mpaka Garissa kutafuta kazi ya umakanika, nikaipata kwenye gereji moja karibu na daraja. Nilikuja na vitu viwili tu: seti ya spana niliyorithi kwa marehemu baba, na Kiswahili changu. Spana sikujivunia sana. Kiswahili ndicho kilichonivimbisha kichwa. Wenyeji wa hapa lugha yao ni Kisomali, na Kiswahili wanakitumia sokoni, ofisini na kwa sisi wageni. Wengi wao P huwatoka kama B, na V huwatoka kama F. Basi mimi niliyezaliwa ndani ya lugha nikajiona nimepewa kiti cha kuwacheka watu bure.

Niliyemcheka zaidi ya wote alikuwa Mzee Hirsi. Alikuwa mfupi, ndevu zake amezipaka hina, amevaa shuka kiunoni na fulana yenye matobo ya asidi ya betri. Ujana wake wote alikuwa dereva na fundi wa malori ya kwenda Mandera mpaka Lafey, enzi ambazo lori likikuharibikia unalitengeneza mwenyewe au unakaa nalo hapo ulipo. Hakujua kusoma. Alikuwa na uzi mrefu wa pamba alioufunga mkononi kama bangili, na chaki mfukoni, na kwa vitu hivyo viwili alipima kila kitu. Akikuambia boriti ya ekseli imepinda, imepinda. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anakuonyesha beringi iliyochoka. Mimi nilimwona hivyo kila siku, na bado nilichokuwa nikikibeba jioni kwenda kuwasimulia wenzangu ni matamshi yake.

Acha nikuambie nilivyokuwa sina adabu. Siku moja aliniomba puli ndogo iliyokuwa juu ya meza. Akasema, "Adeer, letea mimi buli ndogo." Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa kwa Kisomali, na desturi yao mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile ambalo mdogo angemwita yeye. Kwa hiyo aliniita kwa heshima ya ukoo, mimi mgeni. Nami nikaenda mkahawani nikamletea buli la chai. Gereji nzima ikaangua kicheko. Mzee akalitazama lile buli, akanishukuru, akamimina chai, akanipa kikombe cha kwanza. Nilikinywa huku nacheka.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa maziwa, Dahabo, ambaye watu wote walimwita Eddo, yaani shangazi. Alikuwa akikusanya maziwa ya ngamia Habaswein kila alfajiri, anayatia kwenye majerikeni, anayafunika magunia yaliyoloweshwa, na kuyakimbiza Garissa yawahi basi la Nairobi lililoondoka baada ya swala ya adhuhuri. Wanunuzi wake wa Eastleigh walitaka maziwa matamu, yasiyoanza kuchachuka. Walikuwa wameshamwonya: akikosa basi mara moja tena, nafasi yake atapewa mwingine, na huyo mwingine alikuwa yupo tayari na gari jipya. Eddo alikuwa mjane. Biashara ile ndiyo iliyoisimamisha nyumba yake.

Gari lake lilikuwa la Kijapani, la familia, limetolewa viti vya nyuma. Lilikuja na supachaja yake kutoka kiwandani, lakini likishapakiwa lilichoka kwenye mchanga.

"Gari yangu inabanda kilima kama bunda mgonjwa," akaniambia. "Inafuta bumzi tu. Wewe ni fundi, ifanyie kitu."

Moyo wangu ukaruka. Supachaja, mwanangu, ni pampu ya hewa. Haisubiri moshi wa ekzosi kama tabo. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, mhimili wa injini. Ukiifunga puli ndogo zaidi, inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa injini, hewa inaingia kwa wingi, na gari linapata nguvu. Hilo nililijua. Nilikuwa nimelisoma kwenye gazeti moja la magari lililokatika jalada, na tangu siku hiyo nilikuwa natafuta gari la kujaribia. Nikamwahidi Eddo mbele ya watu kwamba gari lake litaruka.

Nikamwendea fundi wa kukereza vyuma, akanitolea puli ndogo nzuri inayong'aa. Nilipokuwa naifunga, Mzee Hirsi akaja akachuchumaa kando yangu. Akaitazama ile puli, akautazama mkanda.

"Adeer," akasema, "bima kwanza. Bima yote, ndio ufunge."

"Bima iko, mzee," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Iko? Ya mbele na ya nyuma?"

"Mzee, hii ni ya gari zima. Kamili."

Akanipiga bega polepole. "Gari zima? Mashallah, adeer. Mashallah. Fizuri sana."

Akaenda zake anatabasamu, na mimi nikabaki nacheka moyoni: mzee wa watu, badala ya kuuliza habari za injini anauliza bima, utafikiri ni askari wa kizuizi cha barabarani. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Maneno yake yasiyokuwa na maana masikioni mwangu niliyanasa yote na kuyafanya mzaha. Lile moja lililokuwa na maana yake kamili, bima, ambayo kila gari linayo na kila askari anaiuliza, hilo nililipokea kama lilivyo na sikulikagua. Alikuwa ananiambia nipime.

Na kulikuwa na mengi ya kupima. Mkanda ule ulikuwa mmoja tu, unazungusha supachaja, chaja ya betri, pampu ya usukani na pampu ya maji. Puli ikiwa ndogo, mkanda ule ule unakuwa mrefu, unalegea, na sehemu unayoishika puli inapungua. Nilipowasha gari ukalia. Mimi nikafanya walifanyalo wenye haraka: nikakaza kikaza mkanda mpaka mwisho, ukanyamaza. Nikaona nimemaliza. Mkanda wa akiba sikununua, ila puli ya zamani niliitupa kwenye sanduku la spana. Mkanda mwingine uliochoka, tuliokuwa tumeutoa kwenye gari lile miezi iliyopita, Eddo alikuwa ameshauchukua kufungia majerikeni yasigongane.

Jaribio la kwanza, mwanangu, lilikuwa raha tupu, siwezi kukuficha. Supachaja ikavuma, gari likakimbia, Eddo akapiga vigelegele dirishani. Usiku wa kesho yake nikaliendesha mwenyewe kwenda Habaswein. Tulipakia baada ya swala ya alfajiri, na Mzee Hirsi, aliyekuwa huko amekwenda kuwaona ngamia wake, akaomba lifti ya kurudi. Akakaa mbele, Eddo nyuma yetu kwenye kibao kidogo karibu na maziwa yake.

Tulipita Modogashe na wakati mwingi mkononi. Joto likaanza kupanda. Hapo ndipo harufu ikaja. Mzee akanusa, akanitazama, akasubiri. Nikakanyaga mafuta. Injini ikaanza kugonga, ile sauti ya kokoto ndani ya kopo, na mshale wa joto ukanyanyuka. Kisha kukatoka mshindo chini ya boneti na usukani ukawa mzito. Nilipofungua boneti, mkanda ulikuwa umechanika nyuzinyuzi, umejizungusha kila mahali, na pampu ya maji imesimama. Redieta ilikuwa inachemka kiasi cha kutosogelewa.

Eddo hakunipigia kelele. Alitazama jua, akaanza kumwagia maji magunia yaliyofunika majerikeni. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Mzee Hirsi akaja akasimama karibu nami. "Adeer," akasema kwa upole, "ile bima yako iko wabi? Leta, nione."

Nikaenda kwenye kioo cha mbele nikamwonyesha karatasi ya bima iliyobandikwa pembeni. Mzee akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Hii ni karatasi ya bolisi."

"Ndiyo mzee. Ndiyo bima."

"Mimi nasema bima," akasema. Akafungua ule uzi mkononi, akaushika ncha mbili, akaunyoosha hewani mbele ya uso wangu. "Bima! Hii! Mukanda, buli, yote. Bima!"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Eddo akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akaegemea gari, halafu macho yake yakaangukia maziwa na kicheko kikakatika.

Mzee akavua fulana yake, akaitumia kushikia vyuma vya moto. Akaniambia nitoe puli ya zamani sandukuni, akaufungua ule mkanda uliochoka kwenye majerikeni. Tulipokuwa tunasubiri injini ipoe akauzungusha uzi wake kwenye puli zote, njia nzima ya mkanda, akaweka alama ya chaki, akaulinganisha na mkanda wa zamani. Ukatosha. Akaurudia na puli yangu ndogo, na uzi ukabaki umening'inia, urefu wa kiganja. Alinishikisha ile sehemu iliyozidi mkononi mwangu, nikae nayo.

Wakati ule Eddo akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Wewe unajua huyu ni nani?"

"Ni Mzee Hirsi."

"Wewe hujui. Watu wanatoka mbali kumuita. Kama ukoo mbili zinagombana juu ya kisima, huyu akisimama akiongea kwa Kisomali, watu wanakaa chini. Hakuna mtu anamukata maneno." Akanitazama moja kwa moja. "Wewe unacheka yeye juu ya buli."

Kumbe alikuwa anajua. Kumbe mji mzima ulikuwa unajua. Hata leo, mwanangu, nikilikumbuka natazama chini.

Tukafunga puli na mkanda vya zamani, tukajaza maji, tukaenda polepole, na tuliingia Garissa basi limeshaondoka. Eddo akashuka akatembea mpaka stendi, akasimama mahali lilipokuwa likisimama, akarudi. Tukaenda kwenye duka moja lenye simu, kwa sababu wale wanunuzi ilikuwa lazima waambiwe. Alikamata simu, akasalimu, akasikiliza. Nikaona mabega yake yanashuka. Hata mimi nisiyejua Kisomali nilifahamu kwamba upande wa pili wameshaamua.

Mzee Hirsi akanyoosha mkono, akaomba simu.

Natamani ungekuwepo. Alianza kwa sauti ya chini, akiuliza hali za watu, jamaa kwa jamaa, bila haraka, wakati sisi tumeshikilia roho. Kisha sauti ikabadilika. Maneno yakaanza kuja kwa mpangilio, yanaangukiana vizuri, herufi ile ile ikigonga mwanzo wa neno hili na neno lile. Mwenye duka aliyekuwa anapima sukari akaacha. Wanaume wawili waliokuwa wanabishana mlangoni wakanyamaza. Yule mzee mfupi wa fulana yenye matobo alikuwa amenyooka, mkono mmoja hewani, na duka zima limemgeukia. Mimi sikuelewa hata sentensi moja, na nywele zilinisimama. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima na kumbe sikuwahi kumsikia akizungumza.

Aliporudisha simu kwa Eddo, Eddo alisikiliza kidogo, akasema ndiyo, akasema tena ndiyo, akaanza kulia. Nafasi yake haikuondolewa. Angeleta maziwa kesho yake kama kawaida, na yale ya siku ile akayaweka kwenye vibuyu yagande ayauze hapa hapa mjini.

"Amewaambia nini?" nikamuuliza.

Eddo akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Amesema gari ilikuwa na fundi mzuri. Amesema kosa ni ya mdomo yake, haikutamka neno fizuri, na mama mjane asilibe kosa ya mdomo ya mzee."

Mzee alikuwa ameshatoka nje. Nilimfuata, nikamshika mkono, nikaubusu. Yeye akaniambia nikalete chai.

Wiki iliyofuata Eddo alinipa ufunguo tena, mimi yule yule, kwa sharti moja: nifanye kazi na mzee. Tukaanza upya. Tulipima njia ya mkanda kwa uzi, tukapima kama puli zote zimekaa mstari mmoja, tukakuta moja imesogea unene wa ukucha. Puli mpya tukaipunguza kidogo tu, wala si kama ile ya kiburi changu. Tukaongeza puli ya kuelekeza mkanda ili uishike supachaja vizuri, tukasubiri mkanda wa urefu sahihi kutoka Nairobi, tukasafisha redieta, na mzee akamkataza Eddo kununua petroli ya chupa za barabarani. Kila hatua aliniambia neno lake, nami nikalirudia kwa maneno yangu, na kwa mikono, mpaka akaitikia. Lile gari lilivuta maziwa miaka mingi. Halikuruka kama nilivyoahidi. Lilifika tu, kila siku, kabla ya basi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Puli ndogo si kosa, na mteja wetu tutamfungia akitaka, lakini joto la hapa si la kwenye video yako. Hewa inayosukumwa kwa nguvu inazidi kuwa moto, na ya Garissa inaingia ikiwa imeshachemka. Kwa hiyo usikate chuma kabla hujajua mkanda utapita wapi na ni kitu gani kingine kinautegemea. Mkanda ukilia, usiukaze ili unyamaze. Tafuta unalilia nini.

Na watu ni hivyo hivyo. Atakuja kwako mama kutoka Hagadera, au mchungaji kutoka Lafey, Kiswahili chake kimevunjika vipande, anakueleza gari lake linaumwa wapi. Usicheke, na usikimbilie neno la kwanza unalodhani umelielewa. Muulize, "Unamaanisha hivi?" Mwonyeshe kwa mkono. Mwambie akuonyeshe naye. Haikupunguzii kitu. Kijana fasaha katika lugha yake asidhani mwenziwe hana yake. Huyo unayemwona anahangaika kutafuta neno mbele yako, kwao huenda akisimama watu hukaa chini.

Mola akuhifadhie macho yako na vidole vyako vyote kumi katika kazi hii ya vyuma. Akupe riziki inayofika, hata kama haikimbii. Akukutanishe na wakubwa wanaobeba makosa yako bila kukuaibisha, na wewe ukishakuwa mkubwa akujaalie moyo wa kubeba ya wengine. Amin, mwanangu. Amin.